Filamu ya Muuza Bangili Imerudi, Baba

Baba,

Shikamoo. Najua safari hii sitaisikia marahaba yako, ile ndefu uliyokuwa ukiivuta kama mtu anayejinyoosha baada ya usingizi, lakini siwezi kuanza kukuandikia bila kukuamkia. Ni mie, Zaituni.

Mama hajambo. Magoti yanamsumbua, na bado anapika wali wa kutosha watu watatu kisha ananilaumu mie kwa kutoumaliza. Jirani yetu wa nyuma amepandisha ghorofa, kwa hiyo ule upepo wa kibarazani uliokuwa ukiupenda umekwisha. Kiti chako tumempa Mjomba. Mama ndiye aliyesema apewe, na siku kilipotoka akaingia chumbani akafunga mlango.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya kiti. Ile filamu ya Kihindi ya muuza bangili imerudi. Nimekwenda kuitazama bila wewe, na tangu siku hiyo nina kitu kimenikaa hapa kooni. Nimekitafutia jina la heshima nimekosa. Ni wivu, Baba. Mtu mzima mie, mwenye watoto wangu, naona wivu.

Unakumbuka enzi zile filamu nzuri haikuwa inakuja mara moja ikapotea. Ilikuwa inarudi. Unapita mjini unakuta bango lile lile limebandikwa upya, unaingia nyumbani bado unanukia vanila ya kiwanda cha biskuti, na hata kofia hujavua. "Mwenzetu karudi," unasema. Mama anacheka. Mie naanza kutafuta viatu vya Jumamosi.

Ulikuwa ukininunulia karanga kwenye karatasi, tunakaa viti vya katikati, na kabla taa hazijazimwa unaniinamia sikioni kuanza kazi yako ya ukalimani. Kihindi chenyewe hukukijua. Nimekuja kukubali hilo juzi tu. Lakini wakati ule nilikuwa naamini kila neno. Yule binti akiimba pale stesheni, sinia la bangili kichwani, unaninong'oneza: "Anasema, moyo wangu umekwenda sokoni bila kikapu." Na kabla ya wimbo wa huzuni, ule anaouimba baada ya mumewe askari kupelekwa vitani, ulikuwa ukinigusa bega: "Kaa vizuri, mvua inakuja." Nami nakaa vizuri.

Kisha binti anasubiri. Treni moja inakuja, nyingine inakuja, anakimbia kando ya mabehewa akichungulia madirishani. Na treni ya mwisho ikipiga honi tu, wewe unasimama. "Twende, tuwahi basi kabla watu hawajatoka."

Mara zote. Hata mara moja hatukukaa hadi mwisho. Natoka nikitembea kinyumenyume, macho yamebaki kwenye pazia, na tukifika barabarani unanisimulia yaliyobaki. Askari ameshuka, ndevu zimemjaa, mkewe hakumtambua. Akamwomba bangili, kama mteja. Akazichagua, akazitazama juani, halafu badala ya kuondoka nazo akaanza kumvalisha yeye mwenyewe, na yule binti akamjua kwa namna alivyomshika kiganja. Harusi ikafanywa upya palepale stesheni. Mkuu wa stesheni akacheza ngoma. Kila filamu iliporudi uliongeza jambo: mara abiria wote wakagoma kupanda treni mpaka wale pilau, mara mbuzi akala kofia ya mkuu wa stesheni. Nikikuuliza kwa nini hatukai tukaona wenyewe, ulikuwa na jibu moja: "Kuona kila mtu anaona. Kusimuliwa ni bahati."

Nilijiona mwenye bahati kweli. Na nilihitaji kujiona hivyo kwa sababu ya Tausi.

Sikuwahi kukwambia ukiwa hai. Tausi, mwanao wa Tandale, mtoto wa mke wako wa kwanza aliyefariki, aliyelelewa na bibi yake. Alikuwa akija kwetu siku za Idi. Yeye ndiye aliyepata pua yako. Yeye ndiye aliyezaliwa kwanza, na watu mpaka leo wanakuita Baba Tausi, hata hapa Temeke ambako mie ndiye niliyekuwa nikichota maji. Akija, unamwambia akae karibu nawe, na mie napelekwa jikoni kumletea sharubati. Basi nilikuwa nakoroga ile sharubati huku najisemea moyoni: sawa, akae. Ana Idi yake. Mie nina sinema.

Miaka yote hiyo nimeishi na hesabu hiyo, Baba.

Sasa sikia. Kuna ukumbi wa sinema Mikocheni, siku hizi wanarudisha filamu za zamani, wamezisafisha, picha inang'aa kama imepigwa jana. Nikaliona tangazo kwenye simu. Lile sinia la bangili. Nilikuwa naosha vyombo, nikakaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nikasema Jumamosi nakwenda, na nakwenda peke yangu, sitaki mtu aje kuniuliza maswali. Nikavaa vizuri kama tunavyovaa kwenda kukutana na mtu.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wahindi wa rika lako wamekuja na wajukuu, mabibi wamevaa mashali kwa ile baridi ya kiyoyozi, na mzee mmoja wa Kiswahili mwenye kofia ya viua alikuwa ameshaanza kupiga nyimbo za filamu kwa mluzi kabla hata milango haijafunguliwa. Nikafurahi. Nikasema, Baba angekuwepo hapa angemtia makosa huyu mzee kwa kupoteza tuni.

Ndipo nikasikia, "Zai! Mdogo wangu!"

Tausi. Kavaa dera la kijani, kanga begani, mfuko wa karanga mkononi. Akanikumbatia kwa nguvu zile zake za kubeba magunia ya nazi. "Na wewe unaipenda hii?" akaniuliza.

Nikamjibu kama mtu aliyekuta kuku wake kwenye banda la jirani: "Hii ni filamu yangu mie na Baba."

Akacheka. "Hata mie," akasema.

Hata mie. Maneno mawili tu, Baba. Nilitaka kurudi nyumbani.

Lakini tayari tulikuwa tunaingia, na Tausi hakuwa mtu wa kuachia mkono. Akamwomba bibi mmoja wa Kihindi tubadilishane viti. Yule bibi akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Kaeni, kaeni. Mnafanana kabisa." Alidhani ametusifu.

Filamu ikaanza. Safari hii kulikuwa na maandishi chini ya picha, kwa Kiingereza, na nikaanza kuyasoma. Binti akaimba pale stesheni. Hakukuwa na moyo, hakukuwa na soko wala kikapu. Nikacheka peke yangu kwa uchungu mtamu, nikasema, ewe mzee mwongo. Ukafika wakati wa askari kuaga. Nami nikajiandaa kujinong'oneza maneno yako, kwa sauti ya chini, kama dua. Kabla sijafungua mdomo, Tausi akanigusa bega. "Kaa vizuri," akasema, "mvua inakuja."

Sikukaa vizuri. Nilikaa kama nimekalia mwiba.

Wakati wa mapumziko taa zikawaka, yeye akawa na furaha kama mtoto. Anataka tulinganishe. "Kwenye ule wimbo wa stesheni, wewe alikutafsiria nini?" Nikamwambia ya kikapu. Akacheka mpaka akapaliwa na karanga. "Mie aliniambia, anasema anayesubiri hapotei njia, kwa sababu hajaondoka." Ilikuwa nzuri kuliko yangu. Kwa nini ulimpa yeye maneno ya hekima na mie ukanipa mzaha? Ndivyo nilivyowaza, pale pale, watu wanapita na bisi zao, nami nimenuna kama mtoto aliyepewa kipande kidogo cha keki.

Ikaja treni ya mwisho. Honi ikapiga, na miguu yangu ikasimama yenyewe.

Tausi akanivuta. "Unakwenda wapi?"

"Si imeisha."

"Imeisha wapi? Kaa, Zai."

Nikakaa. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikaitazama treni ile ikisimama. Akashuka askari, lakini si yeye. Mwenzake. Alikuwa amebeba kofia ya mume wa binti, akamkabidhi. Yule binti akaishika. Akatua sinia lake chini taratibu, akanyoosha mikono, na akaanza kuzivunja bangili zake kwenye nguzo ya stesheni, moja baada ya nyingine, kama wafanyavyo wajane wa kwao. Hapakuwa na muziki. Zilisikika bangili tu. Ukumbi mzima ulikuwa unajua kitakachotokea, na ukumbi mzima ulilia. Yule mzee wa mluzi alikuwa ameweka kofia usoni. Aliyeshangaa nilikuwa mie peke yangu.

Baba, hakurudi.

Tulipotoka nje jua bado lilikuwa kali. Tukasimama kwenye kivuli cha ukuta kungoja bajaji. Nikasema, "Hakurudi."

"Hajawahi kurudi," Tausi akasema.

"Kwangu mie alikuwa anarudi."

Akanitazama, akaelewa. Akaniuliza, "Alikuwa anakutoa kabla?" Nikaitikia kwa kichwa. "Akakwambia nini?" Nikasema nimesahau. Sikuwa nimesahau. Sikutaka kumpa. Kama amepata Jumamosi, amepata mvua, amepata na wimbo, basi mbuzi na kofia vibaki kwangu.

Ndipo akanisimulia yake. Kwamba mara ya kwanza ulimchukua yeye wakati mama yake amefariki karibuni. Kwamba bibi yake alikuwa amewakataza watu kumtaja marehemu mbele ya mtoto, na yeye alikuwa halii, hali chakula, anakaa tu mlangoni. Ukaenda Tandale ukamchukua, mkakaa mpaka taa zikawaka. Bangili zilipoanza kuvunjika ukalia, Baba. Ukalia kwa sauti, yeye naye akalia, mkalia mpaka mfagizi akaja kuwaambia mtoke. Akakuuliza unalia nini, ukamwambia, "Nalia filamu, mwanangu. Lia na wewe." Na filamu iliporudi tena ulimchukua tena, mkalia tena.

Mie sijawahi kukuona ukilia. Hata tulipomzika Bibi, mama yako. Nilisimama pale ukutani naona wivu wa machozi yako. Nani anaona wivu wa machozi?

Nikamwambia, "Wewe alikupa ukweli."

Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Na wewe alikutungia," akasema. "Alikaa akafikiria uongo mzuri, akautengeneza, akakuletea. Mie hakunifichia chochote. Unadhani mie sikuona wivu nilipokuwa nakuja kwenu Idi, nakukuta mtoto usiyejua watu wanakufa?"

Bajaji yake ikaja, akaondoka.

Nilipofika nyumbani nilimbana Mama. Alijua? Alijua. Alikuwa anajua tangu mwanzo, Jumamosi hii huyu, Jumamosi ile yule. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akaendelea kuchambua mchele wake. "Ungefanya nini ukijua?" akasema. "Ungemnyang'anya? Mtoto hana mama, ulitaka na sinema akose?" Kidogo akaongeza, bila kuinua macho: "Mie hata siku moja hakunichukua." Nikamtazama. Baba, hilo utalijibu mwenyewe mtakapokutana.

Nilikaa na donge langu wiki nzima. Halafu nikaenda Tandale sokoni. Nilimkuta Tausi kwenye meza yake ya nazi, mteja mbele yake, wapagazi wanapita na viroba wakipiga kelele, "Njia! Njia!" Sikumsalimia vizuri hata. Nikasema, "Akashuka na ndevu, mkewe hakumtambua." Akaacha kisu hewani. Yule mteja akadhani nina wazimu.

Nikamsimulia yote. Kwenye mbuzi na kofia alicheka mpaka akakalia gunia, na kicheko chake, Baba, ni chako kabisa, kile cha kuishia kwa kikohozi. Kisha akasema, "Rudia pale alipomshika kiganja." Nikarudia. Akasema nirudie tena. Mara ya tatu alikuwa ameshika kiganja chake mwenyewe, anatazama mbali, wala si nazi anaziona. Mteja akajiondokea zake.

Nilitegemea nikimaliza nitajisikia mwepesi. Haikuwa hivyo. Nilirudi Temeke kama mtu aliyetoa kitu cha ndani na hajui kama kitarudishwa. Siwezi kukudanganya wewe, uliyekuwa bingwa wa kudanganya: bado naona wivu. Nikifikiria mlivyokaa wawili mnalia, mie nikiwa nyumbani nasugua sufuria, moyo unachoma. Ila siku hizi unachoma nikiwa namtazama usoni, na yeye ananitazama, na tunajua.

Pumzika, Baba. Mungu akupe nafasi pana huko, na kivuli, na upepo usiozibwa na ghorofa ya mtu.

Idi ikifika tutakuja kaburini wote wawili, nakuahidi. Tutakusomea Yasini. Tausi ndiye mkubwa, kwa hiyo yeye atakaa upande wa kichwani. Mie nitakaa miguuni. Itaniuma, lakini nitakaa.

Mwanao,
Zaituni