Duka Lililohesabu Maji Yangu

Jumanne, usiku

Bado nimeudhika. Wiki iliyopita duka ninalonunua vitu kila siku hapa Buzebazeba lilinitumia ujumbe: "Mama Neema, siku hizi unanunua maji mengi sana. Umepima sukari?" Nani kawatuma wahesabu ninachokunywa? Namba yangu niliwapa ili nipunguziwe bei, basi.

Lakini kiu yenyewe ilikuwa ya kweli. Leo nikaenda kupima. Daktari akaangalia majibu, kisha akaniangalia mimi.

"Mama, umewahi. Ungechelewa kidogo, ungeletwa hapa hujitambui."

Kwa hiyo nawashukuru, nifanyeje. Kwenye duka la dawa nako waliniuliza namba ya simu, ile ile ya kupunguziwa bei. Nikawatajia bila hata kufikiri.

Mume wangu yuko Mwamgongo kwenye dagaa, simu haipatikani tangu mchana. Watoto nimekula nao, nikawalaza. Nitaanzia wapi kuwaambia...

Sasa hivi simu imelia. Nikadhani ni mume wangu, kumbe ni ujumbe:

"Pole kwa majibu ya leo, Mama Neema. Tumekuwekea unga wa dona badala ya sembe."

Sijamwambia mtu yeyote. Pole ya kwanza nimepewa na duka.