Feza Alifika Kamituga Mbele Yetu

Cimpunda, Bukavu
Siku ya posho, kisha salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha barabara

Papa yangu mupendwa,

Jambo sana kwako, na jambo kwa Maman ambaye najua amekaa pembeni yako anangoja umusomee kwa sauti. Magoti yako yanaendelea aje na hii baridi ya mvua? Kitoga, shofere wa kamiyo inayobeba mizigo huko kwenu Kamituga, aliniambia kwamba sasa unatembea na fimbo, na kwamba ukiulizwa unasema ni ya kufukuza mbwa. Na kifua cha Maman kilipona? Dawa niliyomutumia ilifika? Miye niko muzima wa mwili. Kichwa ndicho kinazunguka, na ni kwa ajili yake nimeshika kalamu, hata kama imepita miaka miwili bila sisi kuandikiana.

Papa, niko na ulizo moja. Lakini siwezi kukuuliza mbele ya kukueleza mambo yote, maana hata miye mwenyewe siyaelewi vizuri. Univumilie.

Unajua nilivyoacha kazi ya kupiga mashine mu biro ya yule mufanyabiashara. Uliniandikia kwamba hukunilipia masomo ya daktilo ili nikae kuchora watu wa karatasi, na kwamba nisitie jina lako mu michezo hiyo. Sikulitia. Juu ya vitabu vyetu ninaandika Wabiwa tu. Lakini sikukueleza hata siku moja ni kazi gani tunafanya, na wewe hukuuliza.

Tuko watu wane. Mugaruka ni fundi wa nguo, na chumba chake cha kushonea, hapa Cimpunda, ndicho chumba chetu, yeye anachora. Bashige ni mwalimu, anatunga hadithi. Faida anauzisha sambaza mu soko ya Kadutu, na pembeni ya samaki anapanga vitabu vyetu. Ndiye anatuletea maneno ya wasomaji, sababu kwake hawaogopi kusema kweli. Miye ninaandika. Kila mutu mu picha anasema ndani ya duara inayotoka mudomoni mwake, na maneno ya mu duara zote ni ya mukono wangu. Kitabu chetu kinaitwa Feza wa Kamiyo. Feza ni mwanamuke aliyetoroka kwao, akawa konvoyeri, anapanda juu ya mizigo na kuzunguka Kivu yote, na kila mahali kamiyo inaposimama kuko jambo linamungoja.

Tunachapa na roneo, mashine ya kuzungusha na mukono, ya zamani, ambayo padri mumoja alitupa kwa sababu ilikuwa inamwaga wino. Ingali inamwaga. Karatasi ni shida kubwa kabisa. Mara nyingine tunachapa ku mugongo wa karatasi za mitihani ambazo walimu wenzake Bashige wanatuletea, na musomaji akigeuza ukurasa anakuta hesabu ya mutoto fulani na kosa lake la rangi nyekundu. Hakuna anayelalamika. Wengine wanasoma na hesabu pia.

Kila siku ya Mungu, watu wakitoka misa, tunafungua mulango wa Mugaruka na kusoma kurasa mpya mbele ya yeyote aliyekuja. Siku moja maman mumoja, mwenye kubeba mizigo pale sokoni, alisema: "Huyu Feza wenu anabeba gunia kama mutu ambaye hajabeba gunia." Mugaruka alimuomba asimame na gunia begani, akachora upya ukurasa wote. Ni hivi tunavyoishi, Papa. Hata mwalimu mumoja wa Idjwi aliandika kuuliza namna ya kufanya. Tulimupelekea stensili, zile karatasi za nta za kukatia maneno, na barua ndefu, na sasa wao wako na kitabu chao, cha wavuvi wawili wanaochukiana mu mutumbwi mumoja. Chao tunakiuzisha huku, chetu wanakiuzisha kule. Tuna sheria moja tu: ukurasa hautoki mu nyumba mbele haujachapwa.

Basi, mvua ilikuja. Karatasi zikaisha, barabara ya kwenu ikakatika, na Feza namba munane haikutoka. Tulikuwa hata hatujaichora. Bashige alikuwa nayo mu kichwa tu.

Asubuhi moja Faida aliingia akinuka samaki, hakusalimia mutu.

"Ni nani kati yetu?" aliuliza. "Feza namba munane iko sokoni. Mutu ametoka nayo Kamituga. Miye niko namuonyesha namba saba, ananiambia: Maman, unakawia, sisi tulishasoma munane."

Akatupa kitabu juu ya meza. Kilikuwa cha karatasi za kayé ya masomo, kimeshonwa na uzi mweusi. Picha hazikuwa za Mugaruka. Mistari yake ilikuwa minene. Lakini Feza alikuwa Feza, na kitambaa chake kichwani, na lile jino lililovunjika. Mugaruka alifungua kurasa polepole. Kisha akaniangalia.

"Wabiwa, huu ni mukono wako."

"Si wangu."

"Andika hapa. Andika: Feza anashuka ku gari."

Niliandika. Aliweka karatasi yangu pembeni ya kitabu, na sote wane tuliinama. Papa, ilikuwa kitu kimoja. Miguu ya herufi, mikia yake, namna ya kulala kidogo upande wa kushoto. Bashige alisema nimeuza hadithi yake mbele haijazaliwa. Nilimuambia: "Nitauza namna gani kitu kiko mu kichwa chako?" Alinijibu kwamba aliwahi kutueleza kidogo, na kwamba mwisho nimeugeuza ili nisijulikane. Faida aligeuza uso, na hilo ndilo liliniuma. Mugaruka alinyoosha mukono, nikamurudishia kalamu ya chuma ya kuandikia stensili. Nikatoka.

Majuma matatu sikukanyaga kwao. Nilipigia watu barua ku mashine ya kukodi, barua za kuomba kazi, barua za kuomba ruhusa. Na nikuambie kweli, nilianza kujiuliza kama mutu anaweza kufanya jambo na kulisahau. Nilijiangalia mikono. Nilijaribu kukumbuka kila siku ya mwezi uliopita, niliamukia wapi, nilionana na nani. Faida alikuwa ameniachia kile kitabu, sijui ni kwa huruma ao ni kwa kunipima, nami nilikuwa ninakifungua na kukifunga.

Siku moja nilikipeleka mulangoni ku mwangaza, na nikaona o.

Unakumbuka? Wakati ungali karani wa kompani, ulikuwa unaandika matangazo ya wafanyakazi juu ya stensili, na miye nilikaa chini ya meza yako. Ukanionyesha kwamba kalamu ya chuma ikizungusha o mpaka mwisho, kipande cha katikati kinaanguka na inabaki tone ya wino. Ukaniambia: "Usiifunge. Uiachie mulango mudogo." Tangu siku ile sijafunga o hata moja. Angalia mu barua hii. Lakini kile kitabu cha Kamituga hakikuandikwa ku stensili. Kiliandikwa na biki, kalamu ya wino, na karatasi ya karbone ya kutoa nakala chini yake. Pale hakuna kinachoweza kuanguka. Na kila o ilikuwa na mulango wake.

Nilikaa palepale chini. Maman wa jirani alidhani nimepokea habari ya kifo.

Nilikimbia mahali kamiyo za Kamituga zinapopakia. Kitoga alikuwa chini ya gari yake, miguu tu nje. Nilisema na miguu.

"Papa Kitoga, ni nani anaandika Feza kule?"

"Hata! Weye hujui?" Alitoka akijipanguza. "Kila siku ya Mungu watu wanajaa ku baraza ya baba yako. Anawasomea, wale wazee anawageuzia mu Kilega. Wakati nililala mu matope kule Mwenga, nikitoka kuwapelekea namba saba, watu walichoka kungoja munane. Wakaanza kubishana. Huyu anasema Feza ataolewa, huyu anasema atakufa. Baba yako akasema: basi mubishane ku karatasi."

"Na mwenye kuchora?"

"Kyanga, muchimba zahabu, baba ya watoto watatu. Alikuwa anachora na makaa ku mawe kule shimoni."

Mwisho nikauliza: "Papa anajua kama maneno ni yangu?"

Kitoga alinicheka. "Anaweka kidole juu ya maneno mbele ya watu wote, anasema: munaona huyu? Huyu hafungi o."

"Hasemi ni mutoto wake?"

"Hasemi. Lakini nani hajui?"

Papa, sikujua nifurahi ao nikasirike. Nilikuwa nimefukuzwa kwa ajili ya mukono wako. Na ni mukono huohuo ulioniandikia nisitie jina lako.

Nilirudi kwa Mugaruka na kueleza yote. Nilidhani nikimaliza, mambo yatakuwa mepesi, kumbe yalizidi kuwa mazito. Bashige alisimama. "Basi si Wabiwa, sawa, ninaomba radhi. Lakini ni wizi. Wamenichukulia Feza."

Faida alisema: "Watu wa Idjwi walipouliza namna ya kufanya, ulifurahi. Hawa hawakuuliza, walifanya. Tofauti iko wapi?"

"Watu wa Idjwi walitunga ya kwao!"

"Na hawa walipenda ya kwetu mpaka wakashindwa kungoja. Ulitaka wapende kidogo?"

Bashige akisema, niliona ana haki. Faida akisema, niliona yeye ndiye ana haki. Mugaruka hakubishana. Alikuwa ameinama juu ya picha za Kyanga. "Angalieni mikono," alisema. "Huyu anajua namna mutu aliyechoka anashika chepeo ya kuchimbia. Miye ninachora mikono kama nguo, haina mifupa." Kisha akaniwekea kile kiti chenye mugongo, kiti cha wateja, na juu yake akaweka kalamu ya chuma. Nikaichukua, nikakaa.

Tulikubaliana hivi: tutachapa namba munane ya Kamituga vile ilivyo, na Bashige ataendelea kutoka pale, apende asipende. Kwa kweli hapendi. Anakuja, lakini anakaa karibu na mulango. Mugaruka aliuliza tuandike ni kazi ya nani. Nilisema: andikeni, watu wa Kamituga. Miye mwenyewe nilikata stensili zote, nikifuata maneno yako neno kwa neno, na kuna mahali nilisahau ni mukono wa nani unatembea.

Sasa nimefika ku ulizo langu.

Bashige alitaka Feza aendelee na safari, asirudi kwao hata siku moja. Ninyi mumemurudisha. Kamiyo inazama mu matope, anaacha mizigo, anatembea kwa miguu, anafika kwao. Muzee wake yuko mulangoni. Ameinua kichwa, mudomo uko wazi, duara imechorwa. Na mu duara hakuna kitu. Kitabu kinaishia pale.

Nilimuuliza Kitoga kama wino uliisha. Alisema hapana. Alisema Kyanga alikuchorea, ukaishika ile picha tangu misa mpaka bugali ya jioni, watu wakiwa wamekaa wanangoja, kisha ukafunga biki na kusema waiache vile.

Huku kila mutu alitaka kuijaza. Mugaruka alipendekeza: "Mbona ulikawia?" Bashige, na hasira yake yote, alileta maneno mazuri sana. Nilikataa. Tulichapa duara tupu. Na unajua nini kilitokea? Wasomaji wanaijaza wenyewe na kukuja kumuonyesha Faida. Mumoja aliandika: "Viatu viko wapi?" Mwingine: "Mama yako yuko shamba." Mwingine: "Huyu ni nani?" Maman yule wa magunia, ambaye hajui kuandika, alimuomba Faida amuandikie: "Kula kwanza."

Miye nimeweka nakala yangu mbele yangu siku nyingi. Nimejaribu na kalamu ya risasi, nimefuta, karatasi karibu itoboke. Kila neno ninaloandika, ninaona ni langu, si la yule muzee. Papa, ulikosa la kusema, ao ulikuwa nalo na hukutaka watu walione? Ulikuwa na hasira? Sijui. Zamani nilidhani ninajua kila kitu unachofikiri.

Unisalimie Maman sana, umuambie sambaza kavu ninazotuma na Kitoga ni za kwake, asigawe zote. Umusalimie kaka yangu mukubwa wa ku mugodi na bibi yake, na shangazi mwenye kusuka vikapu, na mudogo wetu wa mwisho. Asome, asikae tu ku baraza kusikiliza. Umusalimie na Kyanga. Mugaruka anauliza mikono anaianza wapi, ku vidole ao ku kiwiko.

Kitoga ana vitabu vya watu wa baraza. Kimoja kiko mu bahasha peke yake, hicho ni chako. Atalala Kamituga siku mbili. Ukitaka kuandika kitu mu ile duara, umupatie akilete. Na kama ni neno ambalo haliandikiki, nimeongea naye: kiti cha mbele, pembeni ya shofere, hatakipangisha kwa mutu mpaka umemuambia kwa mudomo wako kwamba hutakuja.

Ni miye binti yako,

Wabiwa