Baba Hakuomba Kuchangiwa Macho

Satellite, Riruta,
Nairobi.
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Kaindi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na Mwelu na watoto, na kwamba baridi ya Calgary haijaanza kuwauma. Kifua cha kitinda mimba wenu kiliishaje? Mama anauliza kila siku. Yeye hajambo, ni mgongo tu unaomsumbua akiinama. Baba nitamfikia. Mimi mwili ni mzima, lakini roho siwezi kukudanganya: nimekasirika tangu Jumatano, na hasira yenyewe ni yako wewe.

Najua utashangaa kuona karatasi. Nimejitoa kwenye grupu la familia na simu zako sizipokei, maana nikikusikia ukiniambia "relax, sis" nitatamka maneno yasiyorudi. Ravneet, mkaza mwana wa Mzee Inderjit, anasafiri kesho kuja huko kwenu, ndiye atakayekukabidhi. Mpe chai, hana kosa.

Nianze na safari, kwa sababu kila nilipojaribu kukueleza ulicheka. Unajua Baba amekuwa akivua samaki wa mito ya milimani na Mzee Inderjit tangu alipokuwa fundi kwenye gereji yake ya Kirinyaga Road. Kitu ambacho hajawahi kufanya ni kuvua baharini mahali maji yanafika magotini tu, kwenye mchanga mweupe, ambapo unatembea polepole, unamwona samaki kabla hajakuona, ndipo unamrushia mshipi. Hicho ndicho anachotamani tangu astaafu.

Wenye pesa zao huenda huko na mashua na mtu wa kuwaonyesha njia. Sisi tulipanga kwenda Shelisheli kimaskini, mimi na yeye, Novemba, wakati Mzee Inderjit anasema bahari hutulia. Nimepata chumba chenye jiko kwa mama mmoja mjane. Tutapanda basi la kawaida, tushuke mahali ramani ya simu inaonyesha mchanga chini ya maji, tuingie kwa miguu. Viatu ni raba zetu kuukuu. Vyambo Baba anavifunga mwenyewe kwa nywele za mkia wa mbuzi, anazoomba kwenye bucha ya Dagoretti Corner. Meza ya kulia chakula imejaa manyoya mpaka Mama anatishia kutupikia hayo hayo.

Na tumefanya mazoezi, Kaindi! Kila Jumapili baada ya kanisa tunaenda uwanja wa shule, Baba anarusha mshipi kwenye nyasi. Vijana wanapita, wanauona kama mjeledi wa mchungaji, wanampigia kelele, "Buda, na mang'ombe ziko wapi?" Naye anawajibu, "Ziko kwenu, zinakula suruali yako." Wanacheka, anacheka. Kwa kuwa haoni tena pembeni, mimi ndiye pembeni yake. Nasimama nyuma ya bega lake na kumwambia samaki yuko upande gani kwa mshale wa saa. Nikisema saa sita ni mbele, nikisema saa tatu anageukia kushoto na kurusha kabla sijafunga mdomo. Katikati bado anaona vizuri. Ukimwekea kifuniko cha soda mbele yake kwenye nyasi, anakigonga.

Sasa tuje kwako. Nilikupigia mwezi wa saba nikakuambia, kama dada kwa ndugu, alichosema daktari wa Upper Hill: ni presha ya macho, kilichokwisha kupotea hakirudi, dawa ya matone italinda kilichobaki kadiri itakavyoweza, na mwaka kesho hakuna anayeweza kutuahidi. Nilikuambia hiyo ndiyo sababu ya kwenda Novemba. Nilikuambia Baba hataki maneno yaenee. Ukasema umeelewa.

Ulielewa nini? Jumatano naamka nakuta umeitisha harambee. Umefungua grupu, umeingiza kanisa zima, watu wa Machakos na mafundi wa zamani wa gereji. Umetia picha ya Baba ya kwenye harusi yako, ukamchorea duara jekundu machoni, na maneno makubwa: MZEE MASILA ANAHITAJI MACHO, TUMPELEKE INDIA. Shangazi Syokimau ndiye mweka hazina. India kufanya nini? Daktari yupi alisema India? Ungeniuliza. Kuuliza si ujinga, na simu yako ina uwezo wa kunitumia video za theluji kila wiki.

Nikueleze picha hiyo ilivyofanya kazi. Alhamisi Baba alienda bucha kuchukua mkia wa mbuzi. Yule mwenye bucha ambaye hubishana naye kila mara akampa bure, akamshika kiwiko, akamvusha barabara. Baba yetu! Mtu anayevuka Ngong Road kila siku akiwatukana madereva kwa Kikamba. Kanisani leo mchungaji amemsimamisha, watu wakamwekea mikono kichwani, na mama mmoja akamsemesha kwa sauti ya juu na polepole kana kwamba masikio nayo yamekwenda. Baba alisema asante. Alisema asante kwa kila mtu, Kaindi, na mimi nilitaka kulia.

Tulipotoka nikamuuliza kama tunapita uwanjani. Akasema hapana. Nyumbani akaifungua fimbo yake ya kuvulia vipande vipande, akaifunga kwa taulo na kuiweka juu ya kabati. Kisha akaniambia, "Nthenya, hiyo tiketi rudisha. Mtu ambaye amechangiwa macho na wajane hawezi kuonekana kiwanja cha ndege na fimbo ya kuvua. Nilikuwa nataka nimwone samaki kabla hajaniona. Sasa mimi ndiye nimeonwa kwanza."

Nimemsihi, Mama amemsihi, Mzee Inderjit amempigia. Hasikii. Na unajua kwa nini hasikii, umekulia kwetu: harambee haifungwi na aliyechangiwa, inafungwa na aliyeiitisha. Baba akisema hataki, ataonekana amewatukana waliotoa. Mimi nikisema, nitaambiwa dada anamwonea wivu mwana wa kiume aliye ng'ambo. Ni wewe tu.

Kwa hiyo sikiliza. Ingia kwenye hilo grupu kwa sauti yako, si kwa maandishi, useme uliitisha bila kumuuliza mwenyewe, kwamba hakuna India, na kwamba Shangazi atarudisha cha kila mtu. Uaibike wewe kidogo, una mabega ya kubeba. Halafu mpigie Baba. Usimpe pole. Usimuulize macho. Mwambie kwamba wewe, mwanawe, umemwomba mbele ya grupu zima aende Shelisheli. Chumba cha yule mjane kinatungoja mpaka mwisho wa mwezi huu, zaidi ya hapo anampa mwingine.

Najua ulitaka mema. Ndilo linalonichoma zaidi, maana adui ningejua jinsi ya kumjibu. Ulipata habari kwamba baba yako anapoteza macho, ukatafuta kitu cha kufanya ukiwa mbali, na hukukumbuka kuuliza yeye mwenyewe anataka kuyatumia kuona nini.

Nisalimie Mwelu, mwambie kitenge chake kiko tayari. Wabusu watoto. Mama anakusalimia na anasema usinijibu kwa ukali. Mzee Inderjit naye anakusalimia, ingawa si kwa maneno ninayoweza kuandika. Baba hajui kwamba nimeandika, lakini salamu zake ni zile zile za kila siku: anauliza kama umekula.

Mungu akutunzie macho yako, Kaindi, na kabla ya mwisho wa mwezi akuonyeshe baba yako kwayo.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa nimekasirika hivi,

Nthenya