Namba za Nebraska

Wendell, umegeuza uso tena. Kila ukiingia gereji unaziona namba za jimbo la Nebraska kwenye gari lako la umeme, halafu unaangalia dari.

Supu ya maharage iko jikoni, ipashe. Mbwa hajala.

Asubuhi hii alipiga simu bwana wa ofisi ya kodi, mpole, sauti kama ya mhubiri. "Mama, lile gari ambalo mwanao ameliombea nafuu ya kodi hapa Colorado, limesajiliwa wapi?" Nikasema umelala, nikakata. Kisha nikaenda kufunika namba kwa blanketi la farasi. Mimi, niliyebeba mabango ya kudai haki barabarani miaka yote!

Kununua gari Nebraska si kosa, mradi gari lisajiliwe hapa. Wewe ukalisajili kwa anwani ya mjomba Orrin kule Nebraska ukwepe ada za hapa, halafu ukatia saini kwamba ni la hapa. "Mama, nani atajua?" ukanicheka. Babu yako alisema hivyo hivyo kuhusu kodi yake, na waliokuja kuchukua trekta lake walikuwa wapole vilevile. Nilikuwa mtoto, viatu vyao navikumbuka hadi leo.

~~Yule bwana akipiga tena, sema gari ni la Orrin.~~ Hapana. Usiongeze uongo. Naogopa watakufunga, mwanangu.

Nimetangulia ofisi ya usajili wa magari kukushikia foleni, ulisajili gari hapa. Tukitoka hapo tunampigia yule bwana na kumwambia ukweli. Toa hilo blanketi, chukua hati za gari, uje. Acha hiyo supu, usinywe hata chai. Njoo sasa hivi.

Mama