Kwa Aliyejiandika Gorayo

Hibo anaolewa! Mdogo wako, yule uliyekuwa ukimbeba mgongoni hadi madrasa kwa sababu aliogopa mbwa, amepata mume, mwalimu wa Masalani, mtu wa swala na wa kucheka. Nimeshindwa kukusalimu kabla sijalisema hilo. Sasa assalamu alaikum, mwanangu Rashid, mtoto wangu wa kwanza, popote ulipo.

Unajua kusoma kwangu kuliishia darasa la nne, na Kiswahili ndicho nilichofundishwa kuandika. Basi vumilia mwandiko wa mama yako.

Hibo hakutaka kadi za mwaliko. Ametengeneza fomu ya mtandaoni kwa simu yake, ameketi jikoni, mimi napiga unga wa mikate ya anjera. Sijamaliza kupiga, fomu ikawa tayari. Niambie, nani mwingine hapa Garissa ana binti kama huyo? Nimewasimulia majirani mpaka wakiniona wanaingia ndani.

Na fomu yenyewe ni nyepesi! Unaandika swali kama kwenye daftari, unashuka mstari, unaandika lingine, basi. Haina maua, haina picha. Mgeni hajiandikishi popote wala haulizwi neno la siri. Anabonyeza linki, anaona ukurasa mweupe na swali. Habaryar wako Halima, dada yangu wa Takaba, ambako mtandao unakuja na kuondoka unavyotaka, alijaza peke yake. Akanipigia akipiga kelele, "Ardo, hata mimi leo ni karani!" Linki ikatembea simu hadi simu, jamaa zetu wa kambi ya Ifo wakajaza, na watu wa Ifo wakawatumia watu walio mbali nisiowajua.

Swali moja ni langu. Hibo aliuliza jina tu, na majibu ya kwanza yakaja: Mohamed Abdi, Abdi Mohamed, halafu Mohamed Abdi tena. Nikamwambia, "Hawa ni akina nani? Kwetu nani anajua mtu kwa jina la kitambulisho? Uliza jina la utani." Akaliweka. Hapo ndipo nilipowaona watu wangu: Kipara, Meno, Sikio Moja, Mrefu wa Ifo. Nilicheka mpaka machozi.

Jumatatu baada ya adhuhuri Hibo alikuwa ananisomea majibu, akafika kwenye moja. Akanipa simu nisome mwenyewe. Jina, pamebaki patupu. Jina la utani, Gorayo. Unatoka wapi, patupu. Mnakuja wangapi, mmoja. Neno kwa bibi harusi: "Mniwekee ini."

Rashid, Gorayo nilikuita mimi. Mbuni, kwa sababu ya hiyo miguu yako mirefu iliyokuwa inafika kabla yako. Ulipoanza shule uliona haya, ukaniomba, "Hooyo, jina hilo liishie hapa uani." Likaishia hapo. Na ini? Baba yako, Mungu amrehemu, hakuwahi kuchinja mbuzi bila wewe kusimama mlangoni: "Hooyo, niwekee ini." Nilikuwa nalichoma kwenye makaa na kulificha chini ya sahani, Hibo asilione.

Siku unaondoka ulisema unakwenda Nairobi kutafuta kazi. Ukanibusu kichwani. Kisha ikaja simu moja ya namba ndefu: "Hooyo, tumevuka mpaka wa pili, mchanga ni mwingi, niombee." Nikakuuliza, "Umekula?" Ukacheka, simu ikakatika. Huu ni mwaka wa sita.

Nikamwambia Hibo, "Mpigie!"

"Hooyo, namba haipo. Fomu haikuuliza."

"Basi mjibu."

"Haijibu. Inapokea tu."

"Ametumia wapi?"

"Inaonyesha saa aliyotuma. Mengine haijui."

Zile sifa zote nilizokuwa nimeimwagia zikanigeukia. Kumbe wepesi wake ndio huo. Inamfungulia kila mtu bila kumuuliza wewe ni nani, na akishapita hujui ameelekea wapi. Nikamuuliza Hibo kama ni yeye aliyekuwa akiijaribu. Aliapa kwa Mungu huku analia, na Hibo wangu haapi ovyo.

Tangu hapo nyumba haikai sawa. Naosha mchele mchana kweupe, nahisi mtu amesimama mlangoni, mwembamba, mrefu. Nikigeuka ni pazia.

Sasa nikuambie lililonisumbua zaidi. Adeer wako Adan, ndugu wa baba yako, amekuwa akisema tukusomee hitima, tukuombee kama marehemu, harusi isiingie nyumba yenye jambo lisilokwisha. Akaweka siku, Jumatano, kesho yake nikaha. Na mimi nilikubali. Nisamehe mwanangu, nilikuwa nimechoka kungoja. Nilipomwonyesha simu alisema, "Shemeji, hapo mtu yeyote anaweza kuandika."

Nikamwambia, "Mtu yeyote hajui habari ya ini."

Alivuta tasbihi yake. "Nikungoje mpaka lini?"

"Mpaka harusi iishe. Mtu asipoonekana, Ijumaa soma."

Basi nimekupa siku hizo, na sina nyingine za kumwomba.

Hibo ameongeza swali la namba ya simu, lakini aliyekwisha kutuma hawezi kurudi kurekebisha. Ila juu kabisa, kabla ya swali la kwanza, pana nafasi ya maneno ya kukaribisha, na fomu haijali yawe marefu kiasi gani. Barua hii inakaa hapo. Kila mgeni ataisoma, na aisome, sioni haya. Labda uliyeandika utafungua tena.

Kama ni wewe, hakuna atakayekuuliza ulikuwa wapi. Nitamziba Adan mdomo kwa mkono wangu.

Na kama si wewe, kama unayesoma ni mtu aliyetembea na mwanangu kwenye mchanga ule, mkagawana maji, akakusimulia jina lake la uani na ini la mama yake, nawe hukujua utaniambiaje, sina hasira nawe. Njoo wewe. Utakaa mahali pake na ini utakula wewe. Kisha uniambie amelala wapi, ili nijue niombe nikielekea upande gani. Usiandike tena kwenye fomu. Njoo nikuone uso.

Nakuacha na Mungu, jicho langu. Ni mimi mama yako, hooyo. Watu wote tunawangoja Alhamisi, baada ya alasiri.