Nilihamisha Mukau kwa Kompyuta, Sasa Mjane Atanyang'anywa Shamba

Mpendwa Mama Kalunde,

Naomba msaada, na naomba unijibu upesi kwa sababu mwisho wa mwezi ujao mpima ardhi anakuja kwetu kuweka mawe ya mpaka, na jiwe likishaingia ardhini huku kwetu hakuna wa kulitoa. Jina langu usiliandike, na ya wengine nimeyabadilisha, lakini siwezi kunyamaza tena, mficha uchi hazai.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa upande wa Kasikeu, nimeajiriwa kupiga chapa katika ofisi ya mradi mmoja wa kuhifadhi udongo. Mwanzo wa mwaka jana ofisi ililetewa kompyuta na printa ya rangi, na ndani ya hiyo kompyuta kulikuwa na programu ya kuchora ambayo hakuna mtu aliyeijali isipokuwa mimi, kwa sababu tangu nikiwa mdogo nilikuwa nachora miti kwa makaa ukutani mpaka nachapwa. Basi kazi ikiisha, mkubwa wangu Bwana Mwangangi alikuwa ananiachia saa moja kabla ya kufunga, nami nakaa nachora. Mama Kalunde, kuchora kwa mausi ni kama kuandika jina lako kwa sabuni iliyolowa, mkono unakwenda huku na mstari unakwenda kule, lakini nilijifunza kuikuza picha mpaka vile viraba vyake vinakuwa kama punje za mahindi, halafu naweka rangi kiraba kimoja kimoja. Wekundu wa udongo wetu haumo katika ile mashini, nikaugundua mwenyewe, kiraba cha kahawia, kiraba cha chungwa, kingine cha kahawia, na ukirudi nyuma hatua mbili unaona shamba la Ukambani kabisa, limetoka kulimwa. Nilichora mikwaju, nilichora miiba, nilichora mbaazi zikiwa na maua, na sijawahi kuwa na furaha kama ile maishani mwangu.

Mwezi wa tano mwaka jana, mvua ilipokwisha, nilichora mashamba ya kwetu. Shamba la baba yangu, Mzee Kivuva, limepakana na la Susu Nzilani, mjane wa Muthama. Si nyanya yangu wa damu lakini tumemwita Susu tangu tukiwa watoto, na ndiye aliyenifundisha majina ya miti. Mpaka ulikuwa safu ya makonge, na katikati ya safu ulisimama mti mkubwa wa mukau ambao Muthama alipanda. Nilichora kila kitu mahali pake, nikaweka kwenye disketi, lakini nikiitazama picha nikaona ule mukau umeziba vilima vya Kilungu, na vilima ndivyo nilivyokuwa nimevipenda. Basi siku ya pili niliuzungushia mti kile kisanduku cha nukta nukta, nikaukokota upande wa kwa Susu mpaka vilima vikaonekana, na kwa vile mti ulionekana mpweke nikahamisha na makonge yaufuate. Ilichukua dakika mbili. Nikachapisha hiyo ya pili, baba akaitia kwenye fremu ya kioo, akaitundika sebuleni, na wageni wakija anawaonyesha.

Halafu ikaja ile mvua ya El Nino. Maji yalishuka mteremko mzima, yakaubeba mukau, yakabeba makonge, yakaacha mchanga unaofika magotini, na ulipokauka hakuna aliyeweza kusema mpaka ulikuwa wapi. Mwaka huu mwezi wa sita kamati ya ardhi ikaja kuamua mpaka. Baba akasimama pake, Susu akasimama pake, na katikati yao kuna yale matuta matatu ambayo Susu alichimba na kina mama wa mwethya, wakisaidiana kwa zamu, na ndiyo yanayomlisha, kwa sababu huko juu kwingine ni mawe matupu. Zamani neno kama hilo lingekwisha kwa kithitu, kile kiapo chetu ambacho mwongo akila kinamaliza ukoo wake. Lakini mwenyekiti, Mzee Kiema, akasema, "Sisi ni watu wameokoka, kithitu hatuguzi. Nani ako na ushahidi ingine?"

Baba akaenda nyumbani akarudi amebeba picha yangu.

Wazee wakaizunguka. Mmoja akasema aite mtoto wake aliyesoma, mwingine akavaa miwani. Nilikuwepo, nimepewa ruhusa ofisini. Mzee Kiema akasema, "Hii si mtu amechora na mkono. Hii ni kompyuta. Kompyuta haina ukoo, haiwezi pendelea Kivuva wala Muthama." Susu akasema, "Mti yangu ilikuwa hapa nimesimama. Muthama aliipanda mwaka ya njaa." Halafu akanigeukia, "Mwiitu wakwa, binti yangu, si wewe ulikuwa unakaa chini yake na makaa yako? Waambie."

Baba alikuwa ananiangalia. Mama Kalunde, nilisema, "Nilichora vile niliona."

Susu aliisogelea ile picha. Akafuta vumbi kwenye kioo kwa pembe ya leso yake, akasema, "Basi ni mimi nimezeeka," akachukua jembe lake akaenda. Kamati ikaandika mpaka upite pale penye mti wa picha.

Jioni nilimwambia baba kwamba ule mti niliuhamisha mimi, nikidhani hajui. Yeye alikuwa anakula. Akaniambia, "Nimekaa hapa miaka thelathini, wewe ndio utaniambia mukau ilikuwa wapi? Mimi sikusema uongo. Mimi nilibeba picha tu. Wewe ndio ulichora." Na akaongeza kwamba nikifungua mdomo nitoke kwake, hiyo kompyuta iwe baba yangu. Baba yangu ni mzee wa kanisa, Jumapili anasimama mbele yetu na kitabu mkononi.

Nimeanza kufikiria kupeleka ile disketi yenye picha ya kwanza kwa kamati, lakini naogopa Bwana Mwangangi akijua mali ya ofisi imeleta kesi ya ardhi atanifukuza, na nikifukuzwa sitaiona kompyuta tena. Tena kuchora kwenyewe kumenishinda, nikiweka mti naufuta. Na wiki iliyopita Susu alikuja ofisini. Ametembea kutoka nyumbani kwa miguu, akasimama mlangoni, hakutaka kuingia kwa sababu miguu yake ina vumbi, akanyoosha kidole kwenye kompyuta akaniambia, "Iulize tena, mwiitu wakwa. Pengine ilikosea." Nilimwambia leo imeharibika.

Kuna jambo moja sijasema. Baada ya kamati kuondoka baba aliniahidi lile eneo la matuta matatu liwe langu, nijenge chumba changu cha kuchora. Unajua kwetu msichana hapewi ardhi. Nilifurahi, Mama Kalunde. Nilifurahi wiki nzima. Nifanye nini?

Mimi,
Karani wa Kasikeu

*

Mama Kalunde anajibu:

Karani, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilitaka kuirarua. Halafu nikasema hapana, huyu mtoto ameandika mpaka lile ambalo lilimwaibisha, ingawa amelificha chini kabisa kama mtu anayeficha nyama chini ya ugali. Hilo la chini ndilo nitakaloanza nalo. Ulifurahi. Ndiyo sababu umekaa kimya tangu mwezi wa sita, si Bwana Mwangangi wala si baba yako peke yake. Ulitaka ardhi, na nakuelewa kuliko unavyodhani. Mimi ni mtu wa Mutomo, kwa baba yangu tulizaliwa wasichana watano, na leo hakuna hata mmoja wetu mwenye mahali pa kufunga mbuzi kwenye lile boma. Hasira hiyo ninayo mpaka leo. Lakini angalia, kati ya mashamba yote ya Mzee Kivuva, kipande alichoona kinamfaa binti yake ni cha mjane. Hiyo si zawadi. Amekupa ili ufunge mdomo, na wewe ukafunga.

Sasa sikiliza. Kusogeza mti kwenye picha si dhambi. Hata mimi nikimsifu mbuzi wangu kwa mnunuzi humuongezea maziwa kidogo. Ulitaka kuona vilima, ukavifungulia njia, na kama picha ingebaki sebuleni hakuna ambaye angeumia. Kosa lako lina maneno matatu, "Nilichora vile niliona," na hayo hayakusemwa na mashini. Ile kompyuta tangu iletwe haijasema neno hata moja. Hao wazee wako nao wamenichekesha kwa uchungu. Kithitu wamekikataa kwa sababu wameokoka, sawa, siwalaumu, halafu wakapiga magoti mbele ya karatasi kwa sababu imetoka kwenye umeme. Wazee wazima, wamesimama shambani, na hakuna aliyekumbuka jembe.

Kuhusu baba yako sina maneno matamu. Alijua. Umemheshimu tangu utotoni na nataka uendelee kumheshimu, umwamkie, umpikie, umpelekee dawa akiugua. Lakini kumheshimu mzazi si kumsaidia kumla jirani. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyo mama mmekuwa nguoni mwake miaka yote.

Utafanya hivi, na utaanza wiki hii, usingojee mwisho wa mwezi ujao.

Nenda kwa Susu Nzilani mchana, peke yako. Usimwandikie barua. Yeye alikuja mlangoni kwako akakupa njia rahisi ya kutoka, akakwambia pengine mashini ilikosea. Hiyo njia usiipite. Ukimwambia kompyuta ilikosea utakuwa umemdanganya mara ya tatu, kwa maana ya pili ni ile ya kusema imeharibika. Mwambie, "Susu, nilisema uongo mbele ya kamati, na wewe hukuzeeka." Useme na hilo la mwisho, usilisahau. Tangu mwezi wa sita huyo mama anaamka akidhani akili zinamtoka, na hiyo ni mbaya kuliko matuta. Akikutukana, kaa hapo usikilize mpaka amalize.

Kisha muende pamoja kwa Mzee Kiema, mkiwa na wale kina mama wa mwethya waliochimba hayo matuta, kwa sababu mtu hasahau mahali alipovunjika mgongo. Disketi yako iache nyumbani. Picha moja imeshawapumbaza, ukiwaletea ya pili watashinda hapo wakibishana ipi ni ya kweli, na baba yako atasema uliichora jana. Waambie kwa mdomo wako ulichofanya, halafu waombe waje na majembe mahali Susu anaposimama, wachimbe mchanga mpaka wafike kwenye udongo. Mafuriko hubeba shina na matawi, lakini mti mkubwa kama huo hauondoki na mizizi yake yote, na mizizi ya mukau haiozi kwa mwaka mmoja. Makonge pia huacha visiki. Ardhi yenyewe itawaonyesha. Na kamati ikikataa kurudi, nendeni kwa chifu, na siku mpima ardhi atakapofika msimame pale, wewe na Susu, kabla hajashusha vyombo vyake.

Bwana Mwangangi mwambie wewe mwenyewe kabla hajasikia sokoni. Atakasirika. Pengine utaikosa hiyo kazi, sitakudanganya, na pengine baba atafanya alivyosema. Kupiga chapa unajua, chumba cha kupanga hapo Malili hakikosekani, na mikono yako itakwenda nawe. Utaanza na makaa tena kama zamani. Njia ya mwongo ni fupi, wewe umeshafika mwisho wake, hakuna pa kuendelea.

Na siku utakapoipata kompyuta nyingine, mchoree Susu shamba lake, na mukau uuweke pale Muthama alipoupanda, hata kama utaziba vilima vyote vya Kilungu. Umpelekee. Akikataa kuitundika usilie mbele yake na usimuulize kwa nini. Ichukue picha yako, umwachie mbaazi zake apalilie, urudi nayo ulikotoka.