Isale kwa Mzee Rajendra

Njoro, 4 Juni 1995

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, kifua kimepona. Sijui magoti yako na baridi ya huko Marangu.

Mama, ofisini kumeingia kompyuta. Barua niliyokuwa napiga taipu asubuhi nzima, Flavia, binti aliyeletwa nayo, anaimaliza chai haijapoa. Akikosea, herufi inafutika kimyakimya. Nilikitazama kile kioo cha bluu hadi nikasahau nilipo. Ndipo Mzee Rajendra akaniambia nipumzike nyumbani kwanza. Nilipandwa na hasira, nikamwita mtu asiye na shukrani mbele ya wateja, nikaondoka. Sasa nikilala vidole vinacheza juu ya shuka, naota napiga barua isiyoisha. Naitaka kazi yangu, mama.

Mwanao,
Doris

Marangu, 11 Juni 1995

Mwanangu Doris,

Marahaba. Magoti yanasumbua, ila namshukuru Mungu. Ukungu umelala migombani tangu juzi, hata kanisa silioni.

Hivi ulimi huo umeutoa wapi? Kumtukana mtu mzima! Nimekata jani la isale pale mpakani, nikalipiga fundo, kaka yako Jovin akampelekea mzee pamoja na mkungu wa ndizi. Mtu akishaletewa isale hawezi kunyima msamaha, hata awe na donge la namna gani. Jovin anasema alilipokea kwa mikono miwili. Basi, yamekwisha. Kesho kutwa nenda ukakae kwenye kiti chako. Usiku nimeota nasikia mashine yako inalia huku shambani, nikaamka na furaha.

Mama yako,
Mektrida

Njoro, 20 Juni 1995

Mama,

Shikamoo. Nilikwenda. Isale nimelikuta kwenye glasi ya maji, juu ya kompyuta. Mzee alidhani ni ua. Nilipomweleza maana yake alivua miwani, akaniagizia chai. Akasema maneno yangu aliyasahau siku ileile, hata binti yake Isha angesema vilevile. Tukacheka. Kompyuta ilikuwa ikivuma taratibu, nikahisi usingizi mtamu, nikaona kama sijawahi kuondoka pale.

Kisha nikatafuta kiti changu. Kimeondolewa, pamewekwa mashine ya kuchapisha.

Amenisamehe kweli, mama. Hana kinyongo nami hata chembe. Laiti angekuwa nacho, ningejua la kumwomba. Kazi ndiyo haipo.

Mwanao,
Doris